Meza ya Fundi Saa: Pembe nane, uso wa mpingo na saa za Kiswahili

Barua nyingi za mwezi huu zinatoka kwa watu wanaotaka kuunda saa yao wenyewe, na nyingi kati ya hizo zimetoka huku huku kwetu kusini. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana ndani yake yamo maswali ya wengine wote.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Masasi. Nimesomea ukerezaji chuo cha ufundi stadi na sasa nimeajiriwa kwenye karakana ya vyuma, bosi ananiruhusu kutumia mashine jioni. Nimeipenda sana ile saa ya Audemars Piguet ya pembe nane, yenye bolti nane juu. Kuinunua siwezi, hata ukoo wetu ukiuza mikorosho yote. Nataka kuitengeneza mwenyewe. Nianzie wapi? Mashine ya ndani nitaiweza? Na nikimaliza, niandike jina lao usoni ili watu waitambue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kuiharibu kazi yote. Usiandike jina lao. Saa yenye jina la kampuni ambayo kampuni hiyo haikuitengeneza ni bidhaa bandia, hata kama umeikereza kwa jasho lako mwenyewe. Ukiiingiza sokoni, Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuikamata kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Usipoiuza wewe, ipo siku itafika mikononi mwa mtu atakayeiuza. Lakini hata sheria tuiweke kando: utatumia jioni zako kwa miezi, halafu sifa umpe mtu wa Uswisi? Andika jina lako. Andika Masasi. Umbo nalo ulichukue kwa kujifunza, usilinakili kila mstari. Milango ya kuchongwa ya pwani yetu, kama ile ya Mikindani, ina misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo. Kwa nini bolti zako zisiwe na vichwa kama vile?

Sasa tuitazame saa yenyewe, kwa sababu wengi wanaiiga bila kuielewa. Inaitwa Royal Oak, na ilitoka mwaka 1972. Aliyeichora ni Gérald Genta, mzaliwa wa Geneva, na mwenyewe alisimulia kwamba aliombwa mchoro jioni akatakiwa kuutoa kesho yake asubuhi. Alichokuwa nacho kichwani ni kofia ya chuma ya mzamiaji wa zamani, ile yenye dirisha la kioo lililobanwa kwa bolti, na mpira wa kuzuia maji unaoonekana katikati. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, upana wa milimita 39, na bei yake ilikuwa faranga za Uswisi 3,300, zaidi ya saa nyingi za dhahabu za wakati ule. Watu walishangaa chuma kinauzwaje bei ya dhahabu. Jibu lilikuwa kwenye kazi ya mkono iliyofanyika juu ya chuma hicho, na hapo ndipo wewe mkerezaji unapoingia.

Ziangalie zile bolti kwenye picha iliyo wazi. Kila moja ina mfereji juu, na mifereji yote minane imelala ikifuata mzunguko wa pete, hakuna hata mmoja uliopinda. Fundi anayeiga hukaza skrubu za kawaida kutoka juu, na kila moja inasimama inapotaka: huu unatazama Newala, ule unatazama Lindi. Siri ni kwamba zile za juu hazizunguki kabisa. Vichwa vyake vina pembe sita na vimekaa ndani ya mashimo yenye pembe sita, kwa hiyo vimefungwa palepale. Kinachozungushwa ni kile kinachoingia kutoka nyuma ya saa. Pete ya juu, gasketi (ule mpira wa kuzuia maji) na bodi vinabanwa pamoja kwa kuvutwa kutoka nyuma. Mimi hilo ndilo ninalolipenda kuliko vyote katika saa ile: pambo lina kazi ya kufanya. Kama kutoboa mashimo ya pembe sita kunakushinda kwa vifaa ulivyonavyo, tumia vichwa vya mviringo visivyo na mfereji, kama nilivyosema juu ya misumari ya milango, na ukaze kutoka nyuma vilevile. Mtu hataona skrubu iliyopinda kwa sababu hakuna cha kupinda.

Mashine ya ndani usijaribu kuitengeneza. Ukifika umri wangu na bado unataka, tuzungumze. Kwa sasa nunua. Ninakupendekezea ile ya Kijapani iitwayo NH35, ya kundi la Seiko. Ni otomatiki, yaani inajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, ina vito 24, inapiga mapigo 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde, na ikijaa ufunguo inakwenda kama saa 41 bila kuvaliwa. Vipuri vyake vipo, mishale yake ipo, na ikiharibika fundi yeyote anayejua kazi ataifungua. Kipenyo chake ni milimita 27.4 na unene wake ni milimita 5.32. Shika tarakimu hiyo ya mwisho. Ile ya mwaka 1972 ilikuwa na mashine ya otomatiki yenye unene wa milimita 3.05 tu, ndiyo maana saa nzima ililala kwenye mkono na kupita chini ya mkono wa shati. Wewe ukijumlisha mashine, uso, nafasi ya mishale, kioo na mfuniko wa nyuma, utafika milimita 11 au 12. Usilazimishe iwe nyembamba kwa kupunguza nafasi ya mishale, mshale wa sekunde utagusa kioo na saa itasimama. Kama wembamba ndio unaoutaka kuliko kitu kingine, weka mashine ya betri. Miyota 2035 ina unene wa milimita 3.15, bei yake ni ndogo, na hakuna aibu yoyote kuanza nayo.

Bodi ya kwanza itengeneze kwa shaba ya njano. Usibishe juu ya hili. Shaba inakatika vizuri, haivunji drili, na ukikosea tundu unakata kipande kingine. Haifai kuvaliwa, na huku kwetu pwani jasho na chumvi vitaifanya itoe kijani kwenye ngozi ndani ya muda mfupi, lakini itakufundisha kila kitu. Ukiridhika nayo ndipo uende kwenye stenlesi. Tafuta ile ya 316, ndiyo inayovumilia chumvi kuliko 304. Mhimili wa pampu uliotupwa au kipande cha mhimili wa boti kwa wauza vyuma chakavu mara nyingi ni chuma kizuri, ila muulize anayejua, usikisie kwa kutazama. Unajua tayari tabia ya stenlesi: drili ikisugua bila kukata, chuma kinajikaza palepale na hutatoboa tena. Mzunguko wa polepole, mkono mzito, mafuta ya kutosha, na drili kali.

Kuchora pembe nane: kereza kwanza diski, usianze na mraba. Tuseme unataka milimita 40 kutoka ubavu hadi ubavu wa pili. Kila ubavu utakuwa na urefu wa milimita 16.6, na kutoka kona hadi kona inayoitazama ni milimita 43.3, kwa hiyo diski yako ianze na 44. Matundu ya bolti yaweke kuelekea kwenye kona, kwa sababu huko ndiko kwenye nyama. Ukiyapanga kwenye duara la kipenyo cha milimita 34, umbali kutoka tundu hadi tundu jirani ni karibu milimita 13. Tega bikari kwenye 13 uzunguke nayo. Ukirudi pale ulipoanzia bila kupungua wala kuzidi, umepima sawa. Toboa pete na bodi zikiwa zimebanwa pamoja kwenye jiliwa, mara moja, ili matundu ya juu na ya chini yasije yakagombana.

Sasa kazi yenyewe. Royal Oak inang'aa kwa sababu nyuso zake bapa zimepigwa mistari midogo sambamba, na kati ya uso na uso kuna ukingo mwembamba uliokatwa kwa mshazari na kung'arishwa mpaka unajiona. Mwanga ukipita kwenye mistari unatulia, ukifika kwenye ukingo unaruka. Hii hufanywa kwa mkono na wala haihitaji mashine ya Uswisi. Chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, kibandike msasa namba 400. Weka pete kifudifudi, vidole vitatu juu yake, uivute kuja kwako kwa mstari ulionyooka, kisha iinue. Usiisukume irudi. Ukiirudisha, mistari inapishana na uso unakuwa na ukungu. Vuta, inua, rudisha hewani, vuta. Futa vumbi la chuma kila baada ya mivuto michache, maana chembe moja iliyonasa itachora mkwaruzo mrefu utakaokurudisha mwanzo. Nenda namba 600, halafu 800, na ukome hapo. Ukizidi mistari inapotea. Ukingo unafuata baadaye: tupa laini, kisha kijiti cha mti mgumu kilichopakwa dawa ya kung'arishia, na pembe ya mkono isibadilike. Ukingo ukiwa na upana sawa pande zote nane, mtu atajua saa hii imefanywa na fundi kabla hajaulizia mashine yake.

Nimebakiza maji, na huku kwetu usipotaja maji hujazungumzia saa. Hewa ya pwani yenyewe ni adui. Kuna milango mitatu: kioo, mfuniko wa nyuma na tundu la kichwa cha kutilia ufunguo. Cha kwanza na cha pili kinazibwa na gasketi bapa au oringi, yaani pete ya mpira, iliyokaa kwenye mfereji wake. Cha tatu ndicho kinachoua saa nyingi ninazoletewa mezani. Usitoboe tundu tupu ukapitisha kijiti. Nunua kichwa chenye mpira ndani pamoja na kibomba chake, kibomba kikae kwenye bodi kwa kubanwa na gundi ya kuzuia maji. Kijiti cha NH35 kina nyuzi za milimita 0.9, chagua kichwa cha nyuzi hizo. Kijiti kikate kirefu kuliko unavyodhani, kisha upunguze kwa tupa kidogo kidogo huku ukijaribu.

Bodi ikiwa tupu, kabla ya kuweka mashine, ifunge na uizamishe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka, na mapovu yatakuonyesha mahali penye kasoro. Ukishaweka mashine, jaribio ni jingine: ipashe saa moto mpaka kama nyuzi joto 40 hadi 45, dakika kumi hivi, kisha dondoshea tone la maji ya kawaida katikati ya kioo. Baada ya dakika moja futa. Ukungu ukijitokeza kwa ndani, unyevu umo. Fungua, kausha, anza tena. Na mkusanyiko wenyewe ufanye wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa kavu kidogo. Ukiifunga saa Februari mvua inanyesha, unaufungia unyevu ndani kwa mkono wako.

Ukimaliza ile ya shaba, nitumie picha kabla hujagusa stenlesi.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Baba yangu ni mchongaji wa vinyago hapa Mtwara mjini, nyumbani hatukosi vipande vya mpingo. Nataka kaka yangu siku ya ndoa yake nimpe saa yenye mpingo. Je, naweza kufanya bodi nzima ya mpingo, au niishie kwenye uso?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Ishia kwenye uso, na utakuwa umefanya jambo zuri kuliko bodi nzima. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi kwamba unazama kwenye maji, na watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya wanautegemea kwa sababu haubadiliki umbo hovyo. Lakini bado ni mti. Bodi inabeba nyuzi za skrubu, kibomba cha kichwa, mkanda unaovuta na jasho la kila siku. Mti utapasuka palipo na tundu. Saa za mbao unazoziona madukani nyingi zina bodi ya chuma ndani.

Uso ni jambo jingine, maana uko chini ya kioo na haugusi jasho. Kata bamba la shaba nyembamba sana, kama milimita 0.2, kwa kipenyo cha uso wa saa yako. Kwa bodi nyingi za NH35 ni milimita 28.5. Uso wa kawaida una miguu miwili nyuma inayoingia kwenye mashine. Ilehemu miguu hiyo kwanza, mti ukiwa bado mbali. Ukilehemu baada ya kubandika mti, joto litalegeza gundi na kuuchoma mti kwa nyuma. Ndipo ubandike ubapa wa mpingo kwa gundi ya epoksi, ubane kati ya vipande viwili vya kioo usiku kucha, halafu msasa mpaka unene wote, shaba na mti pamoja, uwe karibu nusu milimita. Ukizidi sana, mishale haitafikia mahali pa kukaa. Tundu la katikati litoboe juu ya kibao cha mti mwingine ili usimeguke kwa chini.

Msasa huo ufanye nje, na ufunge pua kwa kitambaa kizito au barakoa. Baba yako anajua: vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, na wapo wachongaji linaowasumbua kuliko wengine. Usipake mafuta yoyote kwenye uso huo, hata kama vinyago mnavipaka. Mafuta yatatoa mvuke ndani ya saa iliyofungwa na kuacha ukungu kwenye kioo. Mpingo ukisuguliwa kwa msasa mwembamba hadi namba 2000 unang'aa wenyewe.

Na sasa nikuambie ninavyoiona saa hiyo nikifumba macho. Kiini cha mpingo ni cheusi, lakini ganda lake la ndani, ule mti mweupe unaoelekea njano, wachongaji huutupa au huuacha kwenye kinyago kwa makusudi. Kata vijiti vyembamba vya sehemu hiyo nyeupe uvibandike mahali pa saa zote kumi na mbili. Alama na uso vitakuwa vya mti mmoja, gogo moja. Mishale iwe ya rangi ya shaba. Hakuna kampuni ya Geneva itakayomuuzia kaka yako saa hiyo.

Kuusimika uso kwenye mashine na kupiga mishale usifanye mwenyewe mara hii, mpe fundi. Ni kazi ya nusu saa kwake, na kwako ni hatari ya kupinda mshale wa sekunde, ambao tundu lake ni milimita 0.20 tu.

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Nachingwea. Maisha yangu yote nimevaa saa inayoonyesha saba nami nasema moja. Mjukuu wangu ananunua vipuri aniundie saa. Je, inawezekana iwe ya saa zetu?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Inawezekana, na kwa njia mbili. Mjukuu achague kabla hajanunua.

Njia ya kwanza ni kuugeuza uso. Tarakimu zote zinahamia upande unaotazamana nazo: palipokuwa na 7 panaandikwa 1, palipokuwa na 6 panakuja 12, na juu kabisa inakaa 6. Mashine inabaki kwenye saa ileile ya dunia. Mshale wa dakika haubadiliki, ukisimama juu ni saa kamili, kwa hiyo vistari vya dakika visihamishwe. Siku za mwanzo macho yatapinga kuona mshale mrefu juu ya 6 ukimaanisha kamili, baadaye yatazoea.

Njia ya pili ni kuacha uso wa kawaida na kutega mshale mbele au nyuma kwa saa sita. Haina gharama. Lakini kama mashine ina tarehe, tarehe inageuka mshale unapopita 12, na 12 hiyo sasa ni alfajiri au magharibi. Muislamu anayehesabu siku yake tangu magharibi anaweza hata kuitaka hivyo, akaitega igeuke jioni. Wengine itawavuruga.

Mimi, mwalimu, ningekuchagulia ya kwanza, na bila tarehe. Mjukuu atafute NH38, ni ndugu wa NH35 lakini haina tarehe, kwa hiyo hakuna kidirisha cha kuukata uso. Tarakimu ziwe kubwa na nene, rangi nyeusi juu ya nyeupe. Sisi tulio karibu digrii 10 kusini mwa ikweta, jua halitutupi mbali mwaka mzima; linachomoza mnamo saa kumi na mbili, na saa moja ni saa ya kwanza ya mchana kweli. Uso wa saa yako utakuwa unakubaliana na dirisha lako. Ninashangaa saa za namna hiyo hazijazagaa, na ningependa kumuona kijana wa huku akizitengeneza kwa kuuza, kwa jina lake.

SWALI: Fundi, mimi ni mvuvi wa pweza, Msimbati. Nikiunda saa kwa maelekezo uliyowahi kutoa, nyuma nikaandika mita 30, nitazama nayo?

JIBU: Hapana, kaka. Na usiandike mita ambazo hukuzipima. Hata kwenye saa za dukani, mita 30 maana yake ni saa inayovumilia mvua na kunawa mikono. Ya kuogelea iwe 100, ya kuzamia na mitungi 200. Kila mita kumi unazoshuka zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari, na mkono unaopiga maji unaongeza lake. Bakuli la maji ya uvuguvugu linatafuta tundu, halipimi kina. Kupima kina kunataka chombo cha shinikizo, nacho wanacho mafundi wachache wa miji mikubwa.

Kwa kazi yako nunua saa ya plastiki ya betri iliyoandikwa 100 au zaidi, ile uliyoiunda ibaki ya nchi kavu. Hata hiyo ya plastiki usibonyeze vitufe vyake ukiwa ndani ya maji, na ukipanda juu isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka kwenye vitufe na chini ya mkanda.